Barza ya Vitabu: Hongera Isiyotaja Kitabu

Barua za mwezi huu karibu zote zimeelemea upande mmoja: kumtangaza mwandishi, kumsherehekea, tuzo na shughuli za uzinduzi. Nimechagua sita. Wenye barua ndefu wanisamehe kwa kuwafupisha.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi na dada yangu tunachapisha vitabu hapa Chake Chake, tuna waandishi sita. Mwaka huu mmoja wao ameingia orodha ya mwisho ya tuzo ya fasihi. Tulifurahi mno, tukaweka picha yake kila pahala kwa wiki mbili mfululizo. Sasa waandishi wawili hawapokei simu zetu, na wa tatu ametuambia uso kwa uso kwamba tuna mtoto wa kuzaa na mtoto wa kambo. Tangazo letu nimelitia humu ulione. Tumekosea wapi? — Ndugu wawili, Chake Chake*

Waalaykumu salaam, wanangu. Kufurahi hamkukosea, na msije mkajifunza kufurahi kwa kificho. Kosa lenu ni la hisabu. Mmoja kapata wiki mbili za shangwe, na hao watano wamekaa mwaka mzima bila ya neno. Mwandishi huhisabu siku hizo hata kama hakwambii.

Nitakuelezeni ninavyofanya mimi, mchapishaji mwenzenu, maana nami nilishapoteza mwandishi kwa jambo hili hili. Nina daftari la jalada gumu, nililinunua Darajani, na kila mwandishi wetu ana kurasa zake humo. Naandika kila kinachokifika kitabu chake, kikubwa na kidogo. Mwalimu wa skuli moja ya Konde kasomesha shairi lake darasa la pili la sekondari. Redio imesoma kurasa mbili baada ya taarifa ya habari ya mchana. Mtu wa Muscat kaagiza nakala sita za jamaa zake. Kijana wetu wa Kojani, shairi lake la dhoruba limesomwa kwenye arusi ya mvuvi mwenzake, na watu wakalitaka lirudiwe. Haya hayaji yenyewe, lazima uyaulize. Kila Ijumaa baada ya sala napiga simu mbili tatu: "Kitabu kinasemaje huko?"

Mwisho wa mwezi natoa karatasi moja, inapelekwa kwa waandishi wote, kwa maduka na kwa walimu tunaowajua, na siku hizi kwa WhatsApp pia. Mambo yote yanafuata tarehe, hayafuati ukubwa. Arusi ya Kojani ikiwa tarehe 4 na tuzo tarehe 9, arusi inakaa juu. Mwanzo waandishi wangu walishangaa. Sasa wao wenyewe huniletea habari za wenzao: "Mwalimu, nimekiona kitabu cha fulani mkononi mwa abiria kwenye boti ya Pemba, kiandike." Basi nakiandika.

Jambo jengine ni hilo tangazo lenu. Mmeandika: "Tunayo furaha isiyo kifani kumpongeza mwandishi wetu mahiri kwa mafanikio makubwa aliyoyapata. Hongera sana!" Nimelisoma mara tatu nikitafuta jina la kitabu na sikuliona. Sikuona kinahusu nini, kinauzwa wapi, wala bei gani. Aliyelisoma amejua kwamba nyinyi mna furaha, kisha akaendelea na shughuli zake. Jaribuni hivi: taja kitabu kwanza, kisha sema kwa maneno yako mwenyewe kwamba, tuseme, ni habari ya mama muuza ngisi wa Mkoani anayemtafuta mwanawe, halafu weka aya moja ya kwanza ya kitabu chenyewe. Tuzo itajwe baada ya hapo. Malizia na bei, na pahala pa kukipata, na neno la kuwa aliye Unguja atatiliwa nakala yake kwenye boti ya kesho. Hapo hongera yenu itamsukuma mtu kutoa elfu kumi yake.

Kuhusu hao wawili wasiopokea simu, msiwatumie ujumbe. Nendeni majumbani kwao. Chukueni daftari jipya, mkawaulize vitabu vyao vimefika wapi tangu vitoke, na mwandike mbele yao.

*Mwalimu, shikamoo. Riwaya yangu ya kwanza imetoka. Mchapishaji wangu anasema uzinduzi ni lazima uwe ukumbini, na mgeni rasmi, chakula na spika, na kwamba gharama nichangie nusu. Sina uwezo huo. Nisipofanya, kitabu kitakufa? — Mwandishi mpya, Mwanakwerekwe*

Marahaba mwanangu. Hakitakufa. Nitakusimulia mawili niliyoyaona kwa macho yangu, uamue mwenyewe.

La kwanza tulilifanya sisi, miaka minane nyuma. Tulikodi ukumbi mzuri, viti mia na sitini, vyote vikajaa. Tulipamba, tulipika sambusa na vileja, tulialika mtu mkubwa wa kuzindua. Shughuli ilikuwa ianze saa tisa na nusu. Mgeni alifika saa kumi na moja. Wakasimama wasemaji watano, mmoja baada ya mwengine, wakashukuriana. Mwandishi wangu, mwanamke aliyeamka alfajiri kutoka shamba kuja mjini, alipewa kipaza sauti jua likiwa limeshainama. Alisoma nusu ukurasa, ukaadhiniwa magharibi, watu wakanyanyuka. Tuliuza nakala kumi na moja. Ahadi tulizotangaziwa pale ukumbini, za fulani atanunua hamsini na fulani ishirini, hazikufika mpaka leo. Nilimsindikiza kituo cha daladala akiwa na shada la maua mkononi na sanduku la vitabu vyake kichwani kwa kijana. Usiku ule sikulala. Ilikuwa siku yake, na sote tulisema isipokuwa yeye.

La pili tulilifanya mwaka uliofuata, kwenye barza ya nyumba moja Mkunazini, barza za mawe zile zilizotazamana. Tuliandaa birika mbili za kahawa, sinia ya kashata na mikeka. Hatukutoa kadi. Tulipita mlango kwa mlango asubuhi ile tukisema jioni kuna kisa kitasomwa. Walikuja watu thalathini na kitu, wengine wapita njia tu. Mwandishi alianza yeye, kabla ya salamu za mtu yeyote. Alisoma sura nzima ya tatu, akakatisha pale mlango unapogongwa, akafunga kitabu. Mzee mmoja akamwambia, "Ala! Nani anagonga?" Akamjibu, "Kimo humu, baba." Tuliuza nakala thalathini na moja, na tatu kati ya hizo zilinunuliwa na wanafunzi waliochangishana.

Tangu hapo nna sharti moja kwa kila uzinduzi, na nakuomba uliweke kwa mchapishaji wako kabla ya kukubali chochote: mwandishi husoma mwanzo. Mgeni rasmi akiwepo ni heri, wala simpingi, watu wetu wanapenda kuona kazi imeheshimiwa. Lakini muombeni jambo moja la wazi. Anunue nakala ishirini pale pale kwa skuli aliyosoma yeye utotoni, na akabidhi mwenyewe. Sijaona aliyekataa, na vitabu vinafika.

Wakati nao uuangalie. Baina ya alasiri na magharibi watu wa mjini wana nafasi. Ramadhani mwache kila mtu na ibada yake na futari yake. Mfunguo Mosi, sikukuu ikishapita, mioyo ya watu imekunjuka na wageni bado hawajarudi makwao. Masika usijaribu nje: nimeshaona sanduku zima la vitabu likivimba kama mikate.

Kuhusu kuchangia nusu, rudi kwenye mkataba wako. Kama haikuandikwa humo, hudaiwi.

*Mwalimu, mswada wangu ulifika orodha ya mwisho ya tuzo, haukushinda. Mchapishaji ameandika "mshindi wa tuzo" juu ya jalada. Niseme au ninyamaze? — M., Bububu*

Sema leo, kabla vitabu havijasambaa. Zipo tuzo zenye mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ile tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell iliyoasisiwa mwaka 2014 ilikuwa na daraja hizo, na wa tatu alikuwa na haki kamili ya kujiita mshindi. Orodha ya mwisho ni heshima yake mbali, na ina jina lake. Andikeni "Kilifika orodha ya mwisho," na jina la tuzo na mwaka. Mji wetu mdogo huu, na Pemba ndogo zaidi. Walioshinda kweli wanajulikana kwa majina na mitaa. Mchapishaji akilalamika kuwa jalada limeshachapwa, kuna vibandiko.

*Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wanne. Hadithi zangu zimekubaliwa kuchapishwa, na mume wangu ameridhia. Lakini sitaki picha ya uso wangu itembee kwenye simu za watu. Mchapishaji anasema bila ya sura hakuna mauzo. — Mama wa wanne, Kikwajuni*

Waalaykumu salaam, mwanangu, na hongera kwa hadithi zako. Mchapishaji wako ni kijana, nadhani. Anaona kila kitu siku hizi kinauzwa kwa sura, na amefikiri hakuna njia nyengine. Ipo, tena ya kwetu khasa.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay kuimba kwenye santuri. Santuri zile zilienea pwani yote hii, na zilipopigwa, watu walikusanyika kusikiliza sauti ya mtu wasiyemuona. Wengi walioipenda sauti ile hawakupata kumtia machoni maishani mwao. Alitoka kijijini Fumba, mtoto wa wafinyanzi, na jina likaenda mbele yake.

Wewe una sauti. Isome hadithi moja, dakika nne au tano, irekodiwe kwa simu chumbani pakiwa kimya, mchana watoto wakiwa chuoni. Ipelekwe kama ilivyo, na jalada la kitabu liwe ndiyo picha. Tulimfanyia hivyo mwandishi wetu mmoja, na wanawake walikuwa wakirushiana ile sauti kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jengine. Mwisho wa sauti alisema mwenyewe bei na duka. Kama na sauti hutaki, asome dada yako, au mtu mwengine mwenye pumzi nzuri. Picha ya mwandishi wetu yule, tulipiga mikono yake ikiwa na hina imeshika kitabu, na mimi naiona nzuri kuliko sura nyingi nilizowahi kuzitia kwenye karatasi zetu.

Shughuli za wanawake nazo usizidharau. Watu mia mbili wanakaa pamoja muda wa saa tatu kwenye arusi wakingoja bibi arusi atoke. Muombe mwenye shughuli akupe robo saa.

Lakini liandikwe kwenye mkataba: "Picha ya uso wa mwandishi haitatumika bila ya ridhaa yake ya maandishi." Mstari huo mmoja unatosha. Ridhaa ya mdomo husahaulika pale kitabu kinapopata jina na magazeti yanapoanza kuomba picha.

*Mwalimu, shikamoo. Nasoma kidato cha nne. Mwalimu wetu alitusimulia kwamba Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel watu Zanzibar walitafuta vitabu vyake na hawakuviona kwa Kiswahili. Ni kweli? Kwa nini? — Mwanafunzi, Makunduchi*

Marahaba, mjukuu wangu. Ni kweli. Habari ilitangazwa Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 2021. Kabla ya magharibi watu walishaanza kuniuliza, mmoja wao muuza samaki wa Malindi hapa mjini ambaye hajapata kuniuliza habari ya kitabu maisha yake. "Yule mtu wetu aliyepata ile kubwa, kitabu chake kipi nianze?" Nikawa sina cha kumpa. Gurnah alizaliwa hapa mwaka 1948, akaondoka kijana kwenda Uingereza, na riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Siku ile hapakuwa na hata moja iliyotoka kwa Kiswahili. Ya kwanza, *Peponi*, ilitoka mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kwa Kiingereza ilikuwepo tangu 1994, na mwaka huo huo ilifika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Kwa hiyo ilichukua miaka ishirini na minane kufika kwenye lugha ya mtaa wake.

Kutafsiri ni kazi ya miaka na ya fedha, na haki za kitabu huombwa zikalipiwa. Simlaumu mtu. Lakini uso wa yule muuza samaki sijausahau. Tangu mwezi ule, kila kitabu tunachotoa, nakala arobaini naziweka kando juu, mbali na unyevu, zimefungwa kwa mifuko ya nailoni, na haziuzwi. Mwandishi wetu akitajwa ghafla popote, kesho yake kitabu kipo dukani.

Na wewe kwa kuwa ni wa Makunduchi, muulize mwalimu wako habari ya Muhammed Said Abdulla, mtu wa kwenu. Alishinda shindano la kuandika hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, na kitabu kikatoka 1960. Sikiliza sasa: tuzo ile ilimfungulia mlango mara moja tu. Kilichowafanya watu wamsubiri miaka ishirini na zaidi ni Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi zake, na kiko chake. Walitaka kujua safari hii atafumbua nini.

*Mwalimu, kitabu cha kwanza cha mwandishi wetu tulikitoa sisi, kwa mkopo wa mama. Kisha akatuacha akaenda kwa mchapishaji mkubwa wa bara, na kitabu chake cha pili kimepata tuzo. Kaka yangu anasema tusiseme kitu, asije akatuona tunajipendekeza. Mimi roho inaniuma. — Wete*

Mwambie kaka yako nimemsikia, na uchungu wake naujua ladha yake. Mwandishi mdogo hukua, na nyumba ndogo ya vitabu ina mipaka yake. Hatuwezi kulipa mrabaha wa juu, hatuwezi kupeleka vitabu Arusha na Mbeya. Kuondoka kwake hakukuwa tusi.

Wangu aliondoka kwa barua ya mistari miwili. Miaka mitatu baadaye nikasoma gazetini kuwa kashinda. Siku tatu sikumpigia. Nilikuwa napita mbele ya simu kama mtu anayemkwepa mdai. Siku ya nne nikapiga, na kabla sijamaliza salamu akasema, "Mwalimu, nilidhani hutanipigia kabisa." Kisha akaniuliza kama bado nakumbuka usiku ule umeme ulipokatika tukamalizia sura ya mwisho kwa kandili, yeye akisoma na mimi nikikata maneno. Nilikumbuka. Nilikumbuka na mbu wa usiku ule.

Nilimuandika kwenye daftari, kurasa zake zile zile za zamani, na kwenye karatasi ya mwezi ule alikaa kwa tarehe yake kama wengine. Tulitaja tuzo, tukataja kitabu kilichoshinda na mchapishaji wake kwa jina bila ya kinyongo. Chini yake tukaandika: "Kitabu chake cha kwanza kipo kwetu, shilingi elfu nane." Tulikuwa na nakala sabini chini ya ngazi ambazo nilishazikatia tamaa. Ziliisha kwa miezi miwili, na huyo mchapishaji mkubwa mwenyewe aliagiza kumi.

Nyinyi mna nakala ngapi za hicho cha kwanza? Zihisabuni usiku huu, mzipanguse vumbi, na asubuhi mpigieni simu. Mama naye azungumze, kwani mkopo ulikuwa wake.